Maji ya Baraka Juu ya Mashine ya Liévin

Mashine ya mwanangu Liévin ilifika na baleinière, boti ya mbao ya mtoni, kutoka Kinshasa, ndani ya masanduku ya mbao yaliyolowa pembeni. Vijana wa bandarini waliibeba kichwani mpaka kwetu kama wanabeba kitanda cha mgonjwa. Nikawaambia waiweke chini polepole, maana sikujua bado upande gani ulikuwa kichwa na upande gani miguu.

Mimi ni mjane wa Sylvain, seremala. Sisi ni watu wa Butembo. Tulikuja Kisangani kwa biashara ya maharagwe, lakini Sylvain alipoziona mbao za huku, lifaki nyekundu, ngumu, inayong'aa ukiipaka mafuta, aliacha maharagwe akashika randa. Alipokufa, baraza la kazi likabaki na Liévin. Liévin anaweza kupima, kukata na kuunga, lakini kuchonga ua au uso Mungu hakumpa mkono huo. Ndiyo maana aliitafuta mashine ya kuchonga inayofuata mchoro wa ordinateur, wa kompyuta. Aliipata ile ya bei ya chini, kwa sababu ya bei ya juu si ya watu kama sisi.

"Mama," aliniambia, "mashine iko ya bei ya chini, lakini kichwa yake iko ya juu."

"Tutaona," nikasema.

Tuliona. Skrubu nyingine hazikuwemo. Karatasi ya maelezo ilikuwa na maandishi ya Kichina upande huu na upande wa pili. Muuzaji wa Kinshasa, ambaye kabla ya kulipwa alikuwa anajibu simu hata wakati wa misa, sasa simu yake ilikuwa inalia mpaka inachoka. Liévin aliangalia video, akafunga, akafungua, akafunga tena. Mara ya kwanza alipoiamuru ichonge duara, ikachonga yai. Mke wake Prudence akalichukua lile yai la ubao, akaliweka kwenye sahani ya mumewe mchana.

"Kula," akamwambia. "Mashine yako njo imetaga."

Liévin alicheka, mimi pia nilicheka. Akaenda kukaza mkanda uliolegea, na duara likatoka duara. Kisha likatoka jina. Kisha, ajabu, kutoka kwenye picha ya simu, ukatoka uso wa baba yake. Haukuwa mzuri sana, lakini ulikuwa ni Sylvain. Nilikaa nao peke yangu kidogo.

Uso ule ndio uliomleta Angélique.

Angélique ni mwanamke wa Isangi, anauza samaki wa moshi, mbisi kama wanavyoita wao, karibu na bandari. Ni mjane kama mimi, ila ujane wake ulikuwa bado mbichi. Mume wake René alikuwa mvuvi, akazikwa hapa Kisangani, na kwenye kaburi lake palisimama kijiti tu. Wakwe walikuwa wamesema: siku msalaba utakaposimama, ndiyo siku Angélique atatoa nguo nyeusi. Msalaba usiposimama, weusi unabaki, na mwanamke mwenye weusi watu hawapendi kununua chakula mkononi mwake. Wanapita, wanaangalia samaki, wanaangalia nguo, wanaendelea mbele. Mimi nimevaa nguo hiyo. Najua inavyokuwa nzito kwenye jua la saa sita.

Alimletea Liévin picha moja, ya René amesimama kwenye pirogue, mtumbwi wake, akikunja macho.

"Haiko ingine," alisema. "Niliambia wakwe kama uso yake itakuwa ndani ya musalaba. Mukubwa wao alinichekea. Alisema, 'Uso? Nani ataichonga, wewe na kisu ya mbisi?' Basi, wanakuja siku ya mposo, na baleinière. Kama uso haiko, watarudi na tarehe yao, na mimi nitabaki na nguo nyeusi."

"Itakuwa, Mama Angélique," Liévin akasema.

Aliposema hivyo nilimwangalia. Kwetu hatuanzi kazi na kitu kipya kabla hakijaombewa. Gari, duka, kinu cha mihogo, hata friji ya bia za watu wengine huombewa. Nikamwambia, "Kabla haujagusa ubao wa mtu aliyekufa, Abbé Jean-Paul aje kwanza." Hakukataa. Hajawahi kunikatalia kwa mambo ya Mungu.

Abbé alikuja Jumapili baada ya misa, na ndoo ndogo, na tawi la majani mkononi. Ni mtu mwema, na mkono wake ni wa ukarimu. Wengine hubariki kwa matone. Abbé Jean-Paul hubariki mpaka kola inakulowa. Liévin aliiwasha mashine ili aone inavyofanya kazi. Pembeni, juu ya kigoda, lilikuwa sanduku la amri, lile lenye nyaya na vipande vya umeme ndani. Kifuniko chake kilikuwa chini sakafuni. Feni yake ilikuwa imekufa tangu safarini, na joto la Kisangani mnalijua, basi Liévin alikuwa analiacha wazi lipumue.

Abbé alisali vizuri. Aliwataja Yosefu seremala na Sylvain pamoja, machozi yakanitoka. Kisha akachovya tawi na kulitupa juu ya mashine, kulia, kushoto, na katikati. Sanduku likasema *tsii*, kama kitunguu kinachoingia kwenye mafuta. Mashine ikasimama.

"Oh," Abbé akasema. "Kuna nini?"

"Courant imeenda, mon père," Liévin akajibu haraka. "Njo zake. Itarudia."

"Kisangani yetu," Abbé akasema, akitikisa kichwa.

Lakini nyuma ya ukuta redio ya Prudence ilikuwa inaendelea kuimba, na redio ile haina mawe, inakula umeme wa ukutani. Niliisikia. Nilimwona na Liévin akiisikia. Alikohoa kwa nguvu, akamshika Abbé mkono, akamsindikiza mpaka barabarani huku akizungumza sana, yeye ambaye kwa kawaida hasemi.

Sikumuuliza. Nilielewa alimdanganya padri kwa ajili yangu, ili nisijue kwamba maji niliyoyaita mimi ndiyo yaliyoiua mashine yake.

Kesho yake Prudence alitaka kupika akakuta gunia la mchele limepungua. Alienda kwenye baraza la kazi, akarudi ameshika kiuno.

"Mama Kahambu, njoo uone. Bwana yangu amezika kichwa ya mashine ndani ya chakula ya watoto."

Kweli. Sanduku lilikuwa ndani ya beseni, limefukiwa mchele mpaka shingoni, kama wanavyofanya watu na simu iliyoanguka kwenye maji. Liévin alikuwa amekaa mbele yake.

"Courant ya hapa," alisema bila kuniangalia, "inapenda kuharibu vitu."

"Ndiyo," nikasema. "Na mchele unaurudisha?"

Akaongeza mchele juu ya sanduku.

Mvua ilianza. Ni ile mvua isiyonyesha ikaisha. Inakaa hewani, nguo haikauki, chumvi inakuwa maji, mchele wenyewe unashika unyevu. Alilitoa sanduku, akaliunganisha, halikuwaka. Akalirudisha. Akampigia muuzaji, simu ikalia mpaka ikachoka. Kila alipolitoa, chini ya vile vipande palikuwa bado pana ukungu kama kioo asubuhi. Na mposo, ile Jumamosi ya wakwe, ilikuwa inakuja.

Angélique alikuja kuangalia uso wa mume wake. Liévin alimwona kutoka mbali akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo alinikuta mimi, na ubao wa lifaki uliokatwa vizuri umbo la msalaba, umesuguliwa, mtupu katikati.

"Iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimesali asubuhi nipewe maneno. Nilipewa yale ya kweli tu. Nikamwambia: tulileta padri, sanduku lilikuwa bila kifuniko, maji ya baraka yakaingia, sasa haliwaki.

Angélique aliniangalia. Nilingoja alie, au atukane. Kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumbo, mpaka akashika ukuta.

"Abbé Jean-Paul!" alisema. "Yule njo alizamisha mutoto ya dada yangu kwa baptême! Mutoto alikohoa mpaka Pasaka!"

"Usicheke, Mama. Ni maji ya Mungu."

"Maji iko ya Mungu. Kifuniko ilikuwa ya nani?" Alijifuta macho. Alipomaliza uso wake ukarudi ulivyokuwa, chini ya kitambaa cheusi. "Donc haitakuwa."

"Kinachohitajika ni likauke," nikasema. "Mvua ndiyo haitaki."

Hapo akageuza kichwa, kama mtu aliyeitwa. "Kukauka? Mama Kahambu, mimi minafanya kazi gani?"

Liévin alikuwa nyuma ya mlango, nilijua. Alitoka mwenyewe. "Hapana, Mama Angélique. Pardon. Ile iko électronique. Haiko mbisi."

"Mbisi iko na maji ndani. Ile yako iko na maji ndani. Unaogopa nini?"

"Moto! Moshi! Itayeyuka!"

"Nani alikuambia ya moto? Unafikiri ninachoma? Moto ukishakufa, njo kazi yangu inaanza."

Liévin aliniangalia. Nikamwambia, "Kwenye mchele halikupona. Nenda."

Tulienda na sanduku limefungwa ndani ya kitenge changu, chini ya mwavuli. Nyuma ya nyumba ya Angélique kuna kibanda cha udongo, ndani yake kitala cha fito chenye ngazi, samaki wamepangwa. Aliwatoa samaki wa ngazi ya juu. Akavuta makaa pembeni mpaka yakabaki yale ya kijivu yasiyo na moshi, akaweka bati katikati ili mvuke wa mafuta ya samaki usipande. Kisha akamshika Liévin mkono, akauinua juu ya fito.

"Unaona? Kama unaweza kuacha mukono na kusali Baba Yetu bila kuondoa, iko muzuri. Kama mukono inakimbia, moto iko mingi."

Liévin alisali. Ni mara ya kwanza tangu afe baba yake nilimsikia akisali kwa sauti. Mkono haukukimbia. Wakalilaza sanduku pale juu, wazi, na Angélique akawa anapitapita, anaondoa kaa moja, anaongeza kaa moja, anapima kwa kiganja. Liévin alikaa karibu na mlango kama mtu ambaye mke wake anajifungua.

Jioni mvua ilikuwa bado inapiga. Angélique akasema sanduku lisitoke kwenye unyevu, libaki pale kwenye joto mpaka asubuhi.

Njiani kurudi, Liévin alitembea kando yangu, akiushikilia mwavuli zaidi upande wangu.

"Mama," alisema mwishowe. "Haikukuwa courant."

"Redio ilikuwa inaimba."

Alisimama. "Tangu siku ile ulijua?"

"Tembea, tutalowa. Kumdanganya Abbé utaungama mwenyewe. Mimi sikukasirika."

"Niliogopa utasema Mungu amekataa mashine."

Nilifikiri jambo hilo mpaka mlangoni, kwa sababu kweli lilikuwa limenipitia kichwani, siku ya mchele. "Mungu akikataa kitu hawezi kujificha nyuma ya kifuniko," nikamwambia. "Kesho utanunua feni, na sanduku utalifunga."

Asubuhi alilichukua sanduku, akaliunganisha. Alishika swichi muda mrefu bila kuibonyeza. Prudence akasema, "Bonyeza, ama niombe mchele yangu talaka?" Akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kioo kimoja cha namba hakikurudi mpaka leo, lakini mota ilizunguka, na baraza lote likajaa harufu ya samaki wa moshi.

Ilichonga polepole. Liévin aliikataza kukimbia. Mara moja umeme ulienda kweli, sote tukaitazama redio, imenyamaza, tukacheka. Uliporudi, akaendelea. Kidogo kidogo, ndani ya lifaki nyekundu, alitokea mtu amekunja macho kwa sababu ya mwanga wa mto. Pua ilitoka pana kidogo.

Angélique alipoiona aliweka kidole kwenye ile pua. "Pardon, Mama," Liévin akaanza, "pua nitapunguza..."

"Usiguse. Njo yeye."

Siku ya mposo wakwe walishuka bandarini na ngoma. Tulikuwa makaburini wote, na Abbé Jean-Paul na ndoo yake. Msalaba ulikuwa umefunikwa na shuka. Mkubwa wa wakwe, mzee mrefu, alikuja mbele, uso wake tayari una kicheko cha mtu aliyeshinda. Akavuta shuka. Kicheko kikabaki mdomoni bila kazi.

"René," alisema taratibu.

Aliinama kuangalia karibu, na pua yake ikapata kitu. Akavuta hewa. Akavuta tena.

"Mbona musalaba unanuka mbisi?"

Liévin aliangalia viatu vyake.

"Papa," Angélique akasema, "ulitaka mutoto yenu anuke nini? Marashi?"

Mzee alikuwa wa kwanza kucheka, na kicheko chake kilivunjika katikati kikawa kilio, na wote wakalia naye kama inavyotakiwa. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono na kufungua kitambaa cheusi kichwani mwa Angélique. Mashemeji wakamvika kitenge cha manjano juu ya nguo. Nilimsaidia kufunga fundo.

Abbé akachovya tawi. Niliona Liévin anaruka hatua nyuma, mikono imenyooshwa mbele kama analinda kitu ambacho hakikuwepo.

"Una nini, mwanangu?" Abbé akauliza.

"Mon père," Liévin akasema, "ile siku, haikukuwa courant. Nilikudanganya."

Akamweleza pale pale, mbele ya kaburi. Abbé alisikiliza, akaangalia tawi lake, akaangalia ndoo. "Bon," alisema. "Musalaba haihitaji kifuniko. Hii niruhusuni."

Na akambariki René mpaka maji yakamtiririka puani.