Mikono Mikavu ya Zebiniso

Asubuhi jasho lilipotoweka, Zebiniso alikuwa bado kitandani. Alijigusa shavu kwa kiganja, kama afanyavyo mtu akiamka, akashtuka kana kwamba ameguswa na mgeni. Kiganja kilikuwa kikavu. Akakigandamiza kwenye ukuta wa chokaa, akakiondoa, akatazama. Hapakuwa na alama yoyote.

Tangu utotoni kila alichokigusa kilibaki na alama. Kurasa za madaftari yake ya shule zilivimba, wino ukavuka mistari, na wenzake darasani wakampa jina la Chura. Alizoea kutembea na kitambaa ndani ya ngumi. Alizoea pia kusalimia watu kwa kuweka mkono kifuani, na wazee wakamsifu kwa adabu, wasijue kwamba alikuwa anauficha.

Kwingine kasoro ya namna hiyo ni kitu cha kuchekwa na kusahauliwa. Katika mtaa wao wa Bukhara, ndani ya nyumba ya wadarizi wa dhahabu, ilikuwa aibu ya kila siku. Uzi wa dhahabu ukiguswa na jasho huingia weusi, na weusi huo hautoki. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume peke yao; walidai kuwa mkono wa mwanamke huififisha dhahabu. Mama yake, Karomat, akisimulia habari hizo mbele ya wadarizi wenzake, alicheka hadi machozi yakamtoka. Akimtazama binti yake hakucheka. Alimpa mkasi.

"Wewe kata, mimi nitavisha," alimwambia.

Basi kwa miaka yote hiyo Zebiniso alikata. Alikata lozi, maua ya komamanga na nyota kutoka kwenye karatasi ngumu, na mama akayashikiza juu ya mahameli na kuyavisha uzi wa dhahabu, mstari kando ya mstari, mpaka karatasi isionekane tena. Watu walisema ua la Karomat linajulikana hata gizani. Hakuna aliyejua kwamba umbo lake lilitoka kwenye mkasi wa binti.

Karomat alifariki katikati ya majira ya baridi. Aliacha joho la harusi la mwanawe Firdavs, la mahameli ya zambarau, limekamilika mgongo na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na karatasi tu, zimeshikizwa kwa nyuzi nyeupe, zikingoja. Joho la bwana harusi hudariziwa na mama yake, na kama mama hayupo, na dada yake. Kumpa fundi wa kulipwa, ilhali dada yu hai na ana mikono, ni kumtangazia kila mtu kwamba nyumba hiyo imebaki ukiwa. Harusi ingefanyika baada ya pilau ya kumaliza msiba.

Ndiyo maana Zebiniso alipanda treni kwenda Tashkent kutibiwa jasho, na shangazi yake Hafiza, dada wa marehemu baba yake. Daktari Lutfiya, mwanamke mwenye miwani minene na sauti ya upole, alimdunga viganja vyote viwili kwa sindano nyembamba, tundu kando ya tundu, dawa ile ile wanayochomwa mabibi wa mjini ili kuondoa mikunjo usoni. Iliuma hadi akaona nyota mchana.

"Leo usiisugue hii mikono," daktari alimwambia mwishoni. "Usiikande, usiibane. Iache."

Shangazi Hafiza hakuyasikia hayo. Alikuwa ukumbini akigombana na mlinzi kuhusu mahali pa kuweka kikapu chake cha mikate.

Walipofika nyumbani, viganja vilikuwa vimevimba na baridi. Shangazi aliviona, akaguna.

"Baridi imeingia. Wamekutoboatoboa kama mkate wa tanuri, unadhani baridi itakosa mlango?"

Akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akayatia pilipili manga, akaketi mbele ya Zebiniso na kuanza kumkanda. Alikanda kutoka katikati ya kiganja kuelekea kwenye kitako cha kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayekanda unga, kwa sababu baridi husukumwa itoke kupitia vidole. Zebiniso aliyakumbuka maneno ya daktari. Alifungua kinywa, akakifunga. Tangu mama yake azikwe hakuna mtu aliyewahi kumshika mikono, na ile ya shangazi ilikuwa ya moto. Akamwachia.

Siku chache zikapita, ndipo ikaja asubuhi ile ya ukuta wa chokaa.

Alikimbia kwenye fremu ya kudarizia, palipotandazwa joho, bila hata kunywa chai. Alitandaza uzi wa dhahabu juu ya lozi ya kwanza, akaingiza sindano ya hariri kutoka chini, akakaza. Akatandaza tena. Kufikia adhuhuri lozi nzima ilikuwa imevaa, nayo ilikuwa inang'aa, haina doa. Shangazi Hafiza aliinama akaitazama kwa karibu.

"Karomat angekutafutia kosa," alisema.

"Lipo?"

"Lipo. Lakini mimi sikuambii, nisije nikakuzidisha kiburi."

Walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nyumba ile kucheka tangu baridi.

Kisha sindano ikaanguka.

Ilianguka tu. Hakuwa amechoka, wala hakuna aliyemgusa. Aliiokota, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaivuta, ikateleza kama sabuni. Akaokota tena. Alitazama vidole vyake kwa makini, vilikuwa vikavu. Kama havikuteleza kwa jasho, basi vilikuwa vimelegea.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Zebiniso alikuwa amemwona nyoka mwenyewe. Ugonjwa wa mama yake ulianza hivyo hivyo, mchana wa kawaida, kwenye fremu hii hii. Sindano ilianguka. Mama akacheka, akasema, "Sindano imelewa leo." Baada ya hapo alishindwa kuzungusha ufunguo. Baada ya ufunguo, akashindwa kumega mkate. Kisha mkono mzima, kisha ulimi, kisha pumzi. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauna dawa. Firdavs aliwauliza kama unarithiwa. Wakasema mara nyingi hapana, ila ziko familia ambazo hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Alikaa akiitazama mahameli hadi macho yakamuuma. Halafu akaifunika fremu kwa shuka na kwenda kujaribu mlango wa ghala. Aliingiza ufunguo, akauzungusha. Haukuzunguka. Akatumia mikono yote miwili, akaubana kwa viganja, ukazunguka kwa shida. Akasimama pale gizani kati ya magunia ya karoti, akiwa hana hata nguvu ya kulia.

Sindano, ufunguo. Kilichobaki kilikuwa mkate.

Hakumwambia mtu. Alianza kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yao. Vifungo vya gauni alivifunga kwa meno. Kibakuli cha chai alikibeba kwa viganja viwili, na shangazi alipomwangalia akasema chai ni ya moto. Kila alipobaki peke yake alijibana kidole kwa kidole, akapima, akalinganisha na jana, na kila mara alijikuta amepungua. Alipolala aliusikia mwili wake mzima ukicheza, msuli wa paja, kope ya jicho, na hakujua tena kipi ni ugonjwa na kipi ni hofu. Mama pia misuli yake ilikuwa ikicheza.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa Firdavs. Huyu kaka ndiye aliyemlisha mama kwa kijiko hadi mwisho. Sasa alikuwa ameanza tena kuimba akinyoa ndevu. Zebiniso alimsikia akiimba, akaapa moyoni kwamba angekata ulimi wake kuliko kumwambia.

Lakini mkate hauna siri. Mezani kwao mkate haukatwi kwa kisu. Humegwa kwa mkono na kuwekwa mbele ya kila mtu, na tangu mama afe kazi hiyo ilikuwa ya Zebiniso. Jioni moja Zebiniso, Firdavs na Shangazi walikuwa wanakula. Firdavs alimsogezea mkate mzima, mnene, wa siku iliyopita. Aliushika. Vidole vikapinda, havikuzama ndani yake. Akauegemeza kwenye goti, akausukuma kwa viganja, ukamponyoka, ukaanguka kifudifudi juu ya zulia.

Firdavs aliuokota haraka, akaubusu, akaugeuza uso juu, kama inavyopasa. Kisha akabaki nao mkononi. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mkate mgumu tu huo, kaka."

"Zebi. Tangu lini?"

Zebiniso aliificha mikono chini ya mapaja.

"Funga kifungo cha mkono wa shati langu," Firdavs alisema, akimnyooshea mkono. "Kifunge."

Alijaribu. Alijaribu tena. Firdavs aliurudisha mkono wake polepole, akaangalia pembeni.

"Nitawaambia wakwe zangu harusi haipo," alisema. "Wala si mwaka huu, wala mwakani. Nani atampa binti yake mtu mwenye damu kama hii? Na mimi mwenyewe, nizae watoto nije niwalishe kwa kijiko?"

"Nyamaza," alisema Shangazi Hafiza. "Bado hujatoa maiti nje, umeshaanza kuchimba kaburi. Msichana kachomwa masindano viganja vizima, na wewe unatafuta damu ya ukoo. Mpigie huyo daktari wake."

"Jasho na mishipa ni vitu viwili, Shangazi."

"Wewe ni daktari? Wewe unauza vigae. Piga simu."

Wakapiga. Uso wa Daktari Lutfiya ukatokea kwenye simu, nyuma yake pana pazia la maua na mtoto akilia mahali fulani. Zebiniso alimweleza kila kitu, sindano, ufunguo, mkate, kisha mama. Daktari hakumkatiza.

"Kaka yuko hapo? Chukua karatasi," alisema. "Dada, ibane kwa kidole gumba na cha shahada. Kaka, ivute."

Karatasi ikatoka bila kupingwa. Firdavs akaguna kama mtu aliyepigwa.

"Mkono wa pili."

Ikatoka vilevile.

"Sasa kunja ngumi, nyanyua mkono, sukuma bega la kaka yako. Msukume kwelikweli."

Zebiniso alimsukuma, Firdavs akayumba hadi akaangukia mto.

"Vizuri," alisema daktari. "Vidole vimelegea pande zote mbili, mahali pale pale, wiki ile ile, na mkono wenyewe una nguvu. Hiyo ni dawa yangu. Imeshuka hadi kwenye msuli wa kidole gumba. Hutokea hata bila kosa la mtu. Siku ile, kuna aliyeisugua hiyo mikono?"

Shangazi Hafiza alijisafisha koo.

"Niliikanda kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Na mafuta ya mkia wa kondoo."

"Kiasi gani?"

"Mpaka mkia ukaisha," alisema Shangazi. "Ilikuwa ya baridi, mwanangu. Ungeniacha nimtazame tu?"

Daktari alivua miwani akajifuta macho. "Nguvu itarudi," alisema. "Wiki kadhaa, labda zaidi. Siwezi kukuahidi siku. Jasho nalo litarudi, ila baadaye, kwenye baridi."

"Na ugonjwa wa mama?" aliuliza Zebiniso.

Daktari alivaa tena miwani.

"Hilo sitakudanganya kwa simu," alisema daktari. "Ninachokiona leo ni dawa. Kama mnataka kujua juu ya damu, kipo kipimo. Mje wote wawili, au msije. Hakuna anayewalazimisha."

Hofu haikuondoka kwa maneno hayo. Ilikaa chini tu, kama mbwa aliyeambiwa akae. Wiki ya kwanza vidole vilizidi kulegea. Zebiniso alijiambia ni dawa, na alipomaliza kujiambia akajipima tena. Shangazi, kwa majuto, alikataza mtu yeyote asiiguse mikono hiyo hata kwa salamu. Firdavs alifunua fremu akajaribu kudarizi mwenyewe, akisema kwamba zamani kazi hii ilikuwa ya wanaume. Alijidunga mara tatu kabla hajamaliza jani moja, na Shangazi akamfukuza kwa ufagio kabla hajaitia mahameli damu. Jani lile Zebiniso alilifumua kwa subira, akilivuta kwa meno. Firdavs hakuimba tena akinyoa.

Halafu, mchana mmoja uani, alikuwa anaanika nguo. Alibana kibanio cha kamba bila kufikiri, kikafunguka. Alisimama nacho mkononi, akakifungua na kukifunga, mara nyingi, hadi jirani mmoja akauliza kutoka juu ya paa kama kibanio hicho kimemkosea. Hakupiga kelele wala kumwita mtu. Akaketi kwenye ngazi, shuka lililolowa likiwa mapajani.

Sindano ilikubali baada ya kibanio, kwanza kwa mishono michache, kisha kwa lozi nzima. Baadhi ya siku bado huanguka. Kila ikianguka, watu wote wawili chumbani huacha walichokuwa wanafanya na kumtazama, na yeye huiokota bila kuinua uso.

Sasa ni mwisho wa kiangazi. Firdavs hakuivunja harusi; imepangwa wakati wa kuvuna zabibu, na watu wa upande wa bibi harusi hawajaambiwa chochote. Zebiniso hudarizi kila asubuhi baada ya chai; mkono wa kushoto umebakiza maua ya komamanga karibu na kiwiko. Viganja vyake bado ni vikavu. Kipimo cha damu yeye na Firdavs hawajakifanya.