Msala wa Mguu Mmoja

Tangu mguu wake wa kushoto upooze, Mahmoud hutembea kwa kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo ndani ya kiatu. Lakini msikitini kwao Kasubi viatu huvuliwa mlangoni, na bila kiatu plastiki huteleza kwenye vigae. Kila Ijumaa alibaki nyumbani.

Leo mkewe, Nusura, amekivalisha kifaa soksi nene yenye soli ya kipande cha msala wao wa zamani wa kuswalia.

“Umenivika msala, bibi wewe?”

“Nenda, mzee. Ukianguka, utakuwa umesujudu mapema.”

Mlangoni mwa msikiti alivua viatu. Vigae viling'aa kama maji. Akavuka taratibu, kana kwamba msala unatandikwa upya chini ya kila hatua, mpaka bega lake likagusa bega la jirani katika safu ya swala.