Ndama wa Benadetha Alivyolala

Karibu na stendi ya Bariadi kuna fundi cherehani anaitwa Benadetha, mwanamke ambaye hahitaji adui wa kumsema, kwa sababu anajisema mwenyewe na anajisema vizuri. Mwulize habari za blanketi la mjukuu wake. Ataweka mkasi chini, atavuta stuli, na ataanza kwa kujitukana. Kichwa changu, atakwambia, siku zile kilikuwa kimevimba mpaka kilemba hakikai.

Mjukuu mwenyewe ni Bujiku, mtoto wa kwanza wa binti yake Jenipha, aliyeolewa Bukundi kule Meatu, kwa wafugaji wenye zizi ambalo ukisimama upande huu huoni ng'ombe wa upande ule. Bujiku alizaliwa usiku, kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba nesi alikataza watu kumbeba. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, wakwe walimchukua yeye na mama yake wakaenda nao kwao, na Benadetha akabaki Bariadi na picha za kwenye simu. Hakualikwa. Hakukatazwa pia, lakini Nyanjige, mama mkwe wa Jenipha, si mtu wa maneno mengi, na siku ya harusi alikuwa amemwangalia Benadetha juu mpaka chini halafu akaendelea na shughuli zake.

Benadetha alitaka kitu kimoja tu: mjukuu wake alale chini ya kitu kilichotoka mikononi mwake. La sivyo, alijiambia, mtoto atakua akijua ana bibi mmoja, na yule mwingine ni mama wa mjini anayekuja na mikate.

Akaamua kushona blanketi la viraka lenye ndama katikati. Wale ni watu wa ng'ombe, akawaza, basi nitawasemesha kwa ng'ombe. Tumbo la ndama alilikata kwenye mabaki ya kaki ya sare za shule, miguu kwenye kitenge cha rangi ya udongo, pua kwenye satini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Kati ya kitambaa cha juu na cha chini alitandaza pamba aliyoletewa na ndugu yake wa Kasoli, akaichambua kwa vidole mpaka ikawa laini, kisha akapitisha mishono ya mkono ili isihame. Chini ya mwili wa ndama aliongeza pamba nyingine ili ainuke, mtoto akipapasa amhisi.

Alitaka ndama aliyelala. Ni blanketi la kulalia, ndama naye alale. Sasa, ndama analalaje? Hapo fundi alikuwa hajui. Ni Msukuma, ndiyo, lakini alikulia mjini, baba yake dereva wa lori la pamba, na ng'ombe aliyemfahamu vizuri ni yule anayening'inia buchani. Wale waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wamesimama kwa miguu yao. Mtu mwenye akili angeuliza. Bariadi imejaa watu waliokua wakichunga, angemsimamisha yeyote. Lakini fundi aliyeshona suti za waheshimiwa amuulize nani? Akafungua simu, akaitazama picha ya Bujiku amelala ubavu, mikono na miguu ameinyoosha, kichwa kimerudi nyuma, kinywa wazi. Mtoto ni mtoto, akasema, akamlaza ndama vilevile. Na kwa kuwa sifa haina breki, akamwongezea kipande cha kitambaa chekundu pembeni ya mdomo, ulimi.

Specioza wa saluni ya jirani, ambaye kwao Bukoba wanajua zaidi migomba, alisema hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Benadetha akaamini. Akapanda basi.

Bukundi walimpokea vizuri. Wakasalimiana mwadila, mwadila, akaletewa maziwa, majirani wakaja kumwona mgeni. Mzee Mayige, baba mkwe wa Jenipha, alitoka kwa heshima na kofia yake kichwani. Mtu mwingine angetoa zawadi akakaa. Benadetha alisimama, akahutubia. Alieleza pamba imetoka wapi, mishono ni ya mkono, hakuna duka Mwanza nzima lenye kitu kama hiki. Kisha akalikunjua blanketi na kulitandaza juu ya mkeka, mbele ya wote.

Mama mmoja wa jirani akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Mayige akavua kofia.

Benadetha alidhani anaiheshimu kazi. Akapata nguvu. Akawaeleza kwamba ndama huyu ametulia kabisa, usingizi wake ni mzito, hata mkimwita haamki. Mzee akainamisha kichwa. Hapo Jenipha akamsogelea mama yake, akamshika mkono, akamnong'oneza.

"Mama, umewaletea ndama aliyekufa."

Ndama mzima, kila mtoto wa pale anajua, hukunja miguu yake chini ya tumbo, akageuza shingo na kuegemeza kichwa ubavuni. Aliyelala ubavu na miguu yote minne imenyooka, shingo nyuma, ulimi nje, huyo ni wa kuitiwa watu waje kuchuna. Na mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame. Nyumba ile ilikuwa imewakokota ndama wa namna hiyo kutoka zizini asubuhi baada ya asubuhi. Sasa ndani kuna mtoto aliyezaliwa na pumzi ndogo, ambaye Nyanjige huamka kila mara usiku kumsikiliza kama anapumua, na mgeni amekuja na kitu cha kumfunika.

Nyanjige aliliokota blanketi, akalikunja picha ikiangalia ndani, akaenda kulitundika kwenye uzio, mbali na mlango.

Mtu aliyekwishaanguka shimoni angeacha kuchimba. Benadetha akatoa simu. Akawaambia hakuwa na nia mbaya, hakumwangalia ndama yeyote, yeye alimwiga mtoto mwenyewe, tazameni, amelala hivihivi. Akawazungushia picha. Nyanjige aliitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu wa kwenye blanketi ni Bujiku wetu," alisema.

Mzee Mayige akarudisha kofia kichwani, akaenda zizini. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Benadetha siku ile alikuwa navyo vyote viwili kwenye ua mmoja.

Alikwenda kukaa peke yake kando ya uzio, na hapo, anakiri, hakucheka. Aliona aibu, lakini zaidi aliogopa. Mambo ya mikosi hayaamini, anasali kila Jumapili, ila aliwaza mtoto akikohoa tu usiku wa leo, wao watawaza nini, na yeye mwenyewe atawaza nini. Hatakanyaga tena Bukundi. Akalishusha blanketi, akatoa wembe kwenye mkoba, akaanza kufumua. Alitoa ulimi kwanza. Kisha mguu wa mbele. Fundi aliyeshona suti za waheshimiwa akajikata kidole.

Alipoinua macho, Nyanjige alikuwa amesimama mbele yake.

"Mayu," Benadetha alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "sijui ndama analalaje. Sijawahi kumwangalia hata mmoja."

Nyanjige akachuchumaa, akaanza kumwelekeza. Mguu huu uje huku, ule uingie chini. Benadetha akachora kwenye blanketi kwa chaki ya fundi. Akatoka mbwa. Akafuta, akachora tena, akatoka chura. Nyanjige akaeleza upya, polepole, na safari hii kikatokea kitu ambacho wote wawili hawakukipa jina. Basi yule mama, ambaye vijana wa pale humpigia magoti wakimsalimu, akatazama kulia na kushoto, akakaza kitenge chake, akajilaza chini. Akakunja magoti, akaingiza mikono chini ya kifua, akageuza shingo, akalaza shavu begani, akafumba macho.

Benadetha alimchora haraka. Lakini kwenye bega hakuelewa uzito unaenda wapi, akauliza, na Nyanjige, bila kufumbua macho, akamwamuru naye alale ajionee. Akalala. Wakawa wawili chini, mmoja akimsahihisha mwenzake kwato. Mzee Mayige alirudi kutoka zizini akawakuta hivyo. Akasimama. Aliwatazama vizuri kama mtu wa mifugo, kisha akauliza ni yupi anayeumwa.

Nyanjige ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa bado amekunja miguu, na Benadetha akacheka mpaka Jenipha akachungulia dirishani.

Basi la kesho yake liliondoka bila Benadetha. Alishona kwa mkono kwenye ua ule, siku hiyo na iliyofuata. Kigoda alicholetewa kilikuwa cha Nyanjige mwenyewe, na mwenye kigoda alikaa kwenye mkeka, akimsokotea pamba na kumkatalia mishono. Fundi ambaye wateja wake hawamkosoi mara mbili alifumua goti moja mara tatu.

Alipomaliza, Nyanjige alilipokea blanketi akaliweka mapajani. Hakusifia. Aliweka kiganja juu ya tumbo la ndama, pale pamba ilipoinuka, akakiacha hapo kidogo.

"Sasa huyu anapumua," alisema.

Akaingia ndani, akamfunika Bujiku mwenyewe, akakaa kumsikiliza, kisha akatoka. Benadetha alikuwa ameshafunga mkoba wake, anasubiri bodaboda, macho yamemlowa na anasingizia vumbi. Nyanjige akasimama karibu naye.

"Ila masikio ni ya mbuzi," alimwambia. "Utakuja tena uyarekebishe."

Benadetha ameshakwenda Bukundi mara nyingi tangu siku ile, na wembe na uzi kwenye mkoba. Masikio bado hayajakaa sawa, na yeye anasema hana haraka nayo.