Usingizi wa Mzee Zablon

...na asiyetaka kuamini asiamini, abishe mpaka povu limtoke, hivyo ndivyo Modest atakavyoianza stori akirudi kijiweni Gongoni, kule mjini, tena atasimama, stori kubwa haisimuliwi mtu amekaa, atasema wanangu, baba yangu mzazi, Mzee Zablon, mkulima wa tumbaku wa Urambo, ambaye mchana kikombe cha uji kinamshinda kwa kutetemeka, akilala anapiga ngumi, ngumi za mtu aliyesomea, na leo wamemlaza wakamsukumia kichwa ndani ya sumaku kubwa kama tangi la maji wapige picha ya ubongo, waone hizo ngumi zinatokea wapi, haya, bisheni... na kule ndani mashine inagonga, ngo ngo ngo, kimya, kisha inakoroma, kama mabehewa yanapounganishwa stesheni, na Modest kwenye benchi la korido kanyoosha miguu kama mwenye hospitali yake, kidato cha pili kakiacha mwenyewe, hakufukuzwa, watu waelewe, masomo yalikuwa yanamchelewesha, lakini hapa kaongea na daktari na hakuna neno lililompita, Parkinson, huo ugonjwa wa kutetemeka, neno analitamka sasa kama jina la shemeji yake, daktari Julieth kamweleza taratibu kwamba mtu akiota mwili hufungwa, huko chini ya ubongo, karibu na shingo, kuna kitu kama komeo, ndoto ikianza komeo linashuka, utaota unakimbia na miguu imelala zake, ila kwa wagonjwa kama mzee komeo limelegea, ndoto inatoka nje na mikono yake, na wao wanataka kuliona hilo komeo kwenye picha, walilinganishe na la wagonjwa wanaolala wametulia, "Wengine usingizi huharibika miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka," daktari akasema, na Modest akatikisa kichwa kama profesa, lakini kichwani alikuwa mezani kwao Urambo, yuko darasa la nne, mama anasema baba yenu kanipiga teke tena, alikuwa anafukuza nguruwe ndotoni, na wote wakacheka, mzee akacheka kuliko wote, ugali ukamtoka mdomoni... "We Modest," mama yake, Veneranda, amekaa ubavuni kwake, khanga kaishikilia kwenye taya, "hivi hilo likelele halimuumizi?" "Kawekewa pamba masikioni, mama, tulia, mashine haikimbizwi." "Na hilo jicho lako limevimba tena." "Hili? Nilikabwa na vibaka, watatu, wawili wakakimbia." "Vibaka wa chumbani kwa baba yako," anasema mama, hacheki, anageukia mlango, na Modest anapapasa jicho, hao vibaka watatu kijiweni wamekubalika bila swali, mmoja hata ana kovu, ila ya kweli ndiyo hakuna atakayeamini, kwamba mzee asiyeweza kufunga kifungo cha shati ndiye aliyemchapa, alfajiri, jogoo hajawika, ngumi moja tu... Parkinson, Parkinson... mama ndiye aliyeanza kuumia, mwaka jana mzee alimpata kwenye taya, majirani wakaambiana kwamba Zablon kazeeka ndiyo kaanza kupiga mke, mama akanyamaza kwa aibu ya wote wawili, akahamishia mkeka jikoni, na Modest akaacha chumba chake cha Gongoni akarudi Urambo kulala karibu na mzee, shujaa, mlinzi, shangazi zake kanisani walimsifu mpaka akaona haya kidogo, kidogo tu... na sasa ile ya asubuhi, wakati wanamvua mzee mkanda na saa, mpiga picha anaitwa Nurdini, Mgogo wa Manyoni, kusikia tu wametoka Urambo akaziba mlango kwa mkono, "Wanyamwezi hawapiti hapa bila hongo, babu zenu wa misafara walilipa ndiyo wakapita kwetu," na Modest naye, angenyamazaje, "Mlitulipisha hata maji ya kunywa, leo utatupiga picha bure mpaka uchoke," hata mzee akajaribu kutabasamu na uso wake ule uliokakamaa, "Ndiyo maana hamlali vizuri," Nurdini akasema, "mizigo ya misafara mnaibeba mpaka ndotoni," wakagongana mikono, kisha akasema, "Ila daktari ana swali kwa anayelala naye, mzee akipigana usingizini, mkono unatetemeka kama sasa?" na Modest akajibu palepale, "Unatetemeka kama Mgogo aliyeona ng'ombe wa jirani," Nurdini akacheka, akasema haya nimekusikia, mkono unatetemeka, akaingia, mlango ukafungwa, basi, kwa sababu mtani hajibiwi kwa sauti ya kanisani, ukimjibu hivyo amekushinda, hata mtoto anajua... mashine inagonga, imenyamaza, inagonga... "Daktari kasema wakishaona picha na maelezo yetu, ipo dawa ya kumtuliza," mama anasema, polepole, kama anaongea na mlango, "akitulia nitarudi kulala kwangu, Modest, jikoni kuna baridi, na baada ya miaka yote ile sijazoea kulala bila yeye," naye Modest anasema ndiyo mama, anaukazia macho mlango, kwa sababu maelezo yetu ni yeye, hakuna mwingine aliyeona, na maelezo yenyewe yameingia humo ndani yamepanda mgongo wa ng'ombe wa jirani, wataweka picha mezani, watasoma mkono unatetemeka, na watamhesabu mzee kwenye kundi lisilo lake, dawa wataikosea, na mama ataendelea na mkeka wake... basi mlango ukifunguliwa atasimama, atasema Nurdini kaka, acha utani kidogo, niitie daktari, atasema ukweli kama mtu anayeungama kwa padri, na kijiweni akifika... kijiweni hatasema hii, kijiweni wabaki na vibaka wao, lakini kwa daktari atakisema kipande alichokiruka, kwamba utani ulimsaidia tu, hata bila Mgogo angedanganya, kwamba mzee akipigana alfajiri mkono hautetemeki, hata chembe, umetulia kama wa kijana, na sauti, ambayo mchana ni mnong'ono wa kuinamia, inarudi nzima, ile ya kuita vibarua toka bani la mwisho kule tumbaku inakokaushwa, ndotoni bani linaungua na mzee anaitoa tumbaku kwenye moto, anaita, Modest, shika huo mti wa kutundikia, inua, usiogope, nipo, na daktari alishawaambia mgonjwa akianza mwiteni jina tu kwa mbali, ataamka, hataumiza mtu, jina tu, na yeye Modest hajamwita hata siku moja, anakaa kitako pembeni ya kitanda, anapokea ngumi inayompata, na anajibu kwa chinichini, nimeshika, baba, nimeshika, ili mzee aendelee kusema.