Mpira Mmoja, Watu Wawili

Katika mji wetu wote wa Kinharrow hakuna mtu anayezijua fimbo za gofu kuliko mimi, Struan Meldrum, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa fundi umeme miaka thelathini na nane. Kitu chochote chenye urefu, uzito na kazi yake, nikikishika mkononi nakwambia kimekosewa wapi. Watu huniletea fimbo zao kwenye baa ya klabu kama wanavyompelekea Alastair Begg, daktari wa mifugo, kondoo wao. Huyu fimbo yake ni ngumu mno kwa mikono ya uzeeni, yule ameuziwa yenye kichwa kikubwa kwa sababu inang'aa. Nawaambia ukweli, wananuna, mwezi ukiisha wanafanya nilivyosema.

Wapo wanaosema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu, lakini hawajawahi kupiga mpira dhidi ya upepo wa Bahari ya Kaskazini kwa fimbo ya kuazima. Jembe baya litakupa viazi vichache. Fimbo mbaya itakupa aibu mbele ya majirani waliokaa dirishani na bia zao.

Na uwanja wetu haumwonei mtu huruma. Hauna mti hata mmoja. Viwanja vya bara, vyenye miti na vijito na vigari vya kubebea wachezaji, ni vya watu wanaotaka kutembezwa. Kwetu ni mchanga mgumu uliofunikwa na nyasi, vilima na mabonde, na vichaka vya miiba vya maua ya njano ambavyo vikimeza mpira umekwenda. Hapa anayerusha mpira juu huwa anaupa upepo zawadi. Mpira wa Kinharrow unatambaa, na asiyejua kuutambaza atarudi nyumbani mapema.

Kila Agosti tunacheza Kombe la Wawili. Kila timu ni mwanamke na mwanamume, si lazima wawe mume na mke, ingawa wengi ndivyo walivyo. Timu ina mpira mmoja tu. Wewe unapiga, kisha mwenzako anaupiga kutoka pale ulipouacha, hivyo hivyo mpaka uingie shimoni. Mashimo ni kumi na nane: kila shimo linakwenda kwa timu iliyotumia mipigo michache, na mwenye mashimo mengi ndiye mshindi. Shimo moja anaanza mwanamke, linalofuata anaanza mwanamume. Ukiutia mpira kwenye miiba, anayeingia miibani si wewe. Ndiyo maana tuna sheria ambayo haikuandikwa popote: uwanjani hakuna kuombana msamaha. Ukianza shimo la kwanza utaomba mpaka la kumi na nane, na bado mna safari ya kurudi nyumbani kwa gari moja.

Mimi na mke wangu Netta tumelicheza kombe hilo miaka ishirini na miwili bila kulitwaa. Mwaka huu tukafika fainali, dhidi ya Alastair Begg na mkewe Shona, na mimi nilijua kilichotufikisha. Zilikuwa fimbo mpya za Netta.

Hapo nyuma Netta alikuwa na fimbo saba, alizoachiwa na shangazi yake, ndani ya mfuko wa turubai uliopauka. Moja ilikuwa na kichwa cha mbao, na mshikio wake ameuzungushia utepe wa buluu kwa mkono wake mwenyewe. Nilizivumilia fimbo hizo miaka thelathini. Mwezi wa Mei, siku yake ya kuzaliwa, nikamletea mpya kumi na tatu, zilizokatwa kwa kipimo cha mikono yake, ambacho nilikichukua kwa macho alipokuwa akianika nguo. Zile za zamani nikazipeleka kanisani siku ya kuuza mitumba. Netta alizitazama zile mpya, akasema, "Ahsante." Neno moja tu. Nikadhani furaha imemzidi.

Juni, alipokuwa akiosha vyombo, akanigeukia nusu.

"Baada ya kombe la mwaka huu sijui kama nitaendelea kucheza na wewe."

"Kwa nini?"

"Nimesema sijui."

"Na tukishinda?"

Akafunga bomba. "Tushinde kwanza."

Mimi nililichukua jibu hilo kama ahadi. Tukilitwaa kombe, Netta atabaki, maana hakuna mwenye akili anayeivunja timu iliyoshinda. Na niseme wazi: nilitaka abaki. Jumamosi asubuhi bila Netta upande wa pili wa mpira, gofu kwangu ni kutembea na mzigo mgongoni.

Siku ya fainali, pale kwenye shimo la kwanza, Shona Begg akafungua zipu ya mfuko wake akatoa fimbo ya kuanzia. Ilikuwa na kichwa cha mbao na utepe wa buluu.

"Hiyo fimbo," Netta akasema.

"Ya mitumba ya kanisani." Shona akaitazama, akamtazama Netta, uso ukambadilika. "Nilidhani umeichoka."

"Hata mimi sikujua kama nimeichoka. Nilidhani iko darini."

Alastair alitaka kucheka akaishia kukohoa. Netta hakunitazama. Mei hakuniuliza nimezipeleka wapi, nami sikumwambia, na mpaka dakika ile nilikuwa nimehesabu kwamba hilo limekwisha. Nikaona heri nizungumzie ufundi.

"Mpini wake umelegea, Shona. Hautakufikisha mbali."

Shona akapiga. Mpira ukaenda chini chini, ukadunda mara mbili, ukatulia katikati kabisa ya uwanja.

"Umenifikisha," akasema.

Tulicheza vizuri hata hivyo. Mpaka shimo la tisa tulikuwa mbele kwa shimo moja, na Netta alikuwa anapiga mbali kuliko alivyowahi kupiga maishani. Kila alipopiga vizuri nilimwambia, "Umeona?" Shimo la kumi na moja akanijibu.

"Nimeona, Struan. Nina macho."

"Hebu nieleweshe, Meldrum," Alastair akasema, akivuta kigari cha mfuko wake. "Mkeo akipiga vizuri ni fimbo. Akipiga vibaya ni nani?"

"Ni upepo."

"Na wewe ukipiga vibaya?"

"Sijui, bwana. Hilo halijatokea leo."

Shona alicheka. Netta pia nusura acheke, nikajipa moyo.

Shimo la kumi na nne Alastair aliutupa mpira wao kwenye nyasi ndefu, zile zinazofika magotini, na nikaanza kuhesabu tuko mbele kwa mashimo mawili. Shona akaingia humo na fimbo ya utepe wa buluu. Sikuona hata mpira ulipo. Aliipitisha katikati ya zile nyasi, mpira ukatoka mzima mzima, ukapanda kilima, ukakimbia mpaka kwenye grini, zile nyasi zilizokatwa fupi kuzunguka shimo, chini ya bendera. Shimo likawa lao na tukawa sawa.

Netta aliufuata mpira ule kwa macho mpaka uliposimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemwona mbwa wake akimfuata mtu mwingine barabarani. Kabla sijajizuia nikavunja sheria.

"Samahani," nikasema.

Alastair akageuka. Shona akajitia kutafuta kitu mfukoni.

"Hatulisemi hilo hapa," Netta akasema.

"Si kwa ajili ya mpira."

"Najua si kwa ajili ya mpira. Umekuwa na miezi mitatu ya kulisema jikoni." Akaokota mfuko wake. "Twende. Watu wanangoja."

Mashimo matatu yaliyofuata hakuna aliyemshinda mwenzake. Tukafika la kumi na nane tukiwa sawa, na dirishani baa nzima imesimama. Zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Nilipiga vizuri, narudia, vizuri, lakini upepo ukaukokota mpira kushoto ukaudondosha bondeni, kwenye udongo mgumu usio na jani. Wenzetu nao hawakuwa salama: Shona aliukuta mpira wao ndani ya handaki la mchanga, akapiga, ukagonga ukingo, ukarudi miguuni kwake.

Sasa ilikuwa zamu ya Netta. Zilibaki hatua mia hivi, upepo usoni. Jibu lilikuwa moja tu, fimbo namba tano, na mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni mwake umeikamata shingoni.

"Toa mkono," Netta akasema.

"Upepo uko mbele, na hapo chini hakuna nya..."

"Struan. Toa mkono."

Nikautoa. Akauinamia mfuko wake, akizigusa fimbo moja moja, kisha akavuta namba saba, ambayo haipeleki mpira mbali kama tano. Fupi mno. Mtoto wa shule angejua ni fupi mno. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno, nikalimeza, nalo likashuka kwa shida. Akaishika chini kabisa ya mshikio, akaurudisha mkono nusu tu, akaukata mpira. Ukatoka chini, ukatambaa, ukapanda ukingo wa bonde taratibu nikadhani utarudi, ukaangukia upande wa pili. Ukakimbia mpaka grini, ukasimama hatua kumi na mbili kutoka shimoni.

"Fupi mno, eti?" akauliza bila kunitazama.

"Sikusema kitu."

"Nilikusikia."

Akina Begg walimaliza kwa mipigo mitano. Mimi niliusukuma wetu kwa mpigo wa tatu, na kwa hatua kumi na mbili mimi sikosi kwa mbali. Uliishia upana wa kiatu kutoka shimoni. Wa nne ungekuwa wa Netta, lakini kwa umbali huo hakuna anayekosa, na Alastair aliinama akauokota mpira akampa mkononi.

"Huu tumewapa. Hongereni, majirani."

Tukavua kofia, tukapeana mikono, na dirishani wakagonga vioo. Miaka ishirini na miwili. Nilimkumbatia Netta naye akanikumbatia, kwa nguvu. Shona akavuta ile fimbo akamnyooshea.

"Ichukue, Netta. Mimi sitakuwa na raha nayo."

"Kaa nayo. Unaipiga vizuri, ingeniuma kuirudisha darini. Mimi nitajitafutia nyingine."

Nilikuwa na jina la duka moja la fimbo mjini Perth kwenye ncha ya ulimi. Netta akanitazama, likaondoka lenyewe.

Ndani walitupa supu ya shayiri, kombe likawekwa katikati ya meza. Pale klabuni kuna desturi kwamba kabla supu haijaisha, katibu wetu, Bi Rankine, anabandika karatasi ya kombe la mwaka unaofuata, maana mtu mwenye glasi mkononi haandiki kwa kusitasita. Miaka yote hiyo ni mimi niliyeandika majina yetu yote mawili, mstari wa kwanza, kwa kalamu yangu mwenyewe. Nikainuka kama kawaida, nikaitoa kalamu. Halafu nikaukumbuka mkono wangu ndani ya mfuko wake. Mimi si mtu wa kuambiwa jambo mara tatu. Nikamwita.

"Netta. Mwakani utacheza na mimi?"

Nilikuwa natabasamu, na sioni haja ya kulificha hilo. Kombe liko mezani, swali limeulizwa kwa adabu, mbele ya watu. Nilikuwa nimeshaiweka kalamu kwenye karatasi.

"Hapana," Netta akasema.

Nikainyanyua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Tumeshinda," nikasema.

"Tumeshinda, na nimefurahi, Struan. Kweli nimefurahi." Nilimwona usoni kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwakani nacheza na Hector."

Hector Kerr ni binamu yake, mpeleka barua. Hupiga mpira huku anacheka, na mara nyingine haugusi.

"Mtatolewa raundi ya kwanza."

"Huenda. Saa saba tutakuwa tumesharudi, tumecheka."

"Lakini leo nimekuuliza."

"Ndiyo. Na mimi nimekujibu. Ulidhani kuulizwa ni nini?"

Iliniuma, na sitajifanya vinginevyo. Iliniuma kuliko fainali zote nilizowahi kupoteza, na hii nilikuwa nimeishinda. Nimepima fimbo za nusu ya mji huu, nikamjua kila mtu urefu wa mkono wake, na mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu nisijue atakachosema. Netta akaichukua kalamu vidoleni mwangu, akaandika jina lake, akaandika na la Hector, kwa herufi zake za duara. Kisha akabaki na kalamu mkononi.

"Hector mgongo wake mbovu," akasema. "Nitahitaji mtu wa kunibebea mfuko."

"Nitaubeba mimi."

"Utaweza?"

"Netta, nimebeba ngazi na mabunda ya nyaya miaka thelathini na nane."

"Sikuulizi uzito." Akanirudishia kalamu. "Nakuuliza kama utaweza kuubeba mashimo kumi na nane bila kuufungua."

Nilifikiri kwanza. Kisha nikamwomba anipe huo mwaka mmoja, nijizoeze.