Ua la Raba

Rangi ya chini lazima ikauke kwanza, na hapo ndipo wateja wengi walipomtesa Nkirote. Mtu akishapakwa nyekundu kwenye kucha zote kumi hukumbuka ghafla kwamba sikio linamwasha, au kwamba hajui funguo aliziweka wapi. Ndiyo maana aliwaketisha kitandani, mikono juu ya mto, akawapigia hadithi mpaka dakika kumi ziishe. Jumamosi ile asubuhi mikono iliyokuwa juu ya mto ilikuwa ya mwalimu Kanana, aliyekuwa akienda harusini, na hadithi yenyewe ilikuwa bei ya unga, ambayo mwaka ule wa 1997 ingeweza kumkalisha mtu kitandani hata saa nzima.

Rangi ilipokauka, Nkirote alidondosha tone la kyuteksi nyeupe juu ya kipande cha kioo, akalikwangua kwa wembe likawa utando, akagusisha hapo kipande cha raba kilichochongwa, kisha akakilaza juu ya ukucha wa mwalimu kuanzia pembe moja na kukibingirisha hadi pembe ya pili. Yote hayo aliyafanya kwa pumzi moja, kwa sababu kyuteksi haimngoji mtu. Alipokiinua, ua la petali tano lilikuwa limekaa pale, jeupe juu ya nyekundu. Mwalimu Kanana alilitazama kwa muda, akasema huko harusini watamwangalia yeye badala ya bibi harusi, na Nkirote akacheka ingawa maneno hayo alishayasikia kwa watu wengi.

Mtaa mzima wa nyuma ya soko la Gakoromone haukuwa na mtu mwingine wa kazi hiyo. Aliirithi kwa namna ya ajabu. Mumewe, marehemu Kinoti, alikuwa mchonga mihuri, akikaa na meza yake kwenye veranda mjini Meru, akiwachongea watu wa ushirika, makanisa, shule na vyama vya akina mama. Kifua kilimmaliza, akaacha kisu kidogo, wembe, na mfuko wa vipande vya raba. Kipande kimoja kilikuwa na ua, la chama cha akina mama ambao hawakurudi kulichukua. Nkirote alilichovya kwenye kyuteksi jioni moja kwa kujitoa upweke tu, akaligonga kwenye kidole gumba chake, na kazi ikaanzia hapo.

Ubaya ni kwamba kyuteksi hula raba. Ua moja lilidumu mikono ishirini hivi, kisha petali zikavimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Kwa hiyo alichonga mapya kila mara, na raba ya Kinoti ilipokaribia kuisha akafanya kile ambacho mama yeyote wa pale anayejua kubana matumizi angekifanya: akachukua mihuri ambayo marehemu aliikosea na kuitupa mfukoni, akaigeuza, akachonga maua upande wa nyuma. Raba ni raba. Ni nani angemwaga unga kwa sababu gunia limeandikwa jina la mtu mwingine?

Siku hiyo alikuwa anafanya kazi masikio yakiwa mlangoni. Saa kumi angekuja Kagwiria, mwenye saluni ya barabara kuu, ile yenye dirisha la kioo kutoka juu hadi chini. Kagwiria aliona maua hayo kwenye mikono ya mteja wake, akauliza, akaambiwa. Alikuwa na kiti karibu na dirisha ambacho hakikuwa na mtu, na alimtumia Nkirote ujumbe kwamba anataka kuiona kazi kwa macho yake. Akiipenda, Jumatatu Nkirote angekalia kiti hicho. Asingechagua tena maharagwe ya wenye magunia sokoni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mgongo ukiwa umepinda na kucha zake mwenyewe zimejaa vumbi. Alikitaka kiti kile mpaka kikamwingia ndotoni.

Saa tano mlango ulisukumwa na wakaingia askari wawili wa utawala. Walisema wameambiwa humo ndani mihuri inachongwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na barua za kughushi za kuombea vitambulisho zilikuwa zimezagaa mji mzima, kwa hiyo kila ofisi ilikuwa inamtafuta mtu wa kumshika. Nkirote aliwaambia yeye anachonga maua. Mmoja wao akainua mkebe wa biskuti uliokuwa na raba, kisu, wembe, kioo na chupa za rangi, akachukua ua moja, akaligeuza. Nyuma yake palikuwa na herufi.

Wakaufunga mkebe, wakamwambia Nkirote atangulie. Mwalimu Kanana alisimama akatoka, akaenda harusini na mkono mmoja wenye maua na mmoja mwekundu mtupu.

Naibu wa chifu aliitwa Kiunga, mtu mnene wa sauti ya upole, na upole wake ndio uliokuwa unawatisha watu. Alimkalisha Nkirote kwenye benchi mpaka saa saba bila kumwuliza neno. Kisha akamwita, akaiinua ile raba kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa imeandikwa nini, mama?"

"Imeandikwa kinyume, chifu. Ni ya bwanangu. Alikosea herufi akaitupa."

"Sijakuuliza ni nani aliitupa."

Aliigonga kwenye wino wake mwenyewe, kisha kwenye karatasi. Yakatoka maneno MWEKA HAZINA, na chini yake nusu ya jina la chama fulani cha kahawa. Z ilikuwa imegeuka, imeangalia nyuma.

"Unaona? Inafanya kazi," Kiunga alisema.

"Lakini hiyo Z, chifu. Hakuna mtu anaweza kukubali barua iko na hiyo Z."

"Watu wa siku hizi hawasomi, mama. Wanaangalia tu kama kuna muhuri."

Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Nkirote hakuwa hata ameokota. Alikuwa ameachiwa na mumewe. Alianza kueleza upya, habari ya veranda, ya kifua, ya chama cha akina mama, na jinsi alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mwongo kwenye masikio yake mwenyewe.

Kilichomwokoa, au ndivyo alivyodhani, kilikuwa chakula. Mke wa Kiunga, Mama Mwenda, aliingia na chupa ya chai na bakuli la githeri, akifuatwa na mdogo wake aliyeitwa Kiende, msichana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani tangu hapo. Mama Mwenda aliuona mkebe uko wazi, akaokota chupa ya rangi ya zambarau, akauliza hizi ni za nani. Kiunga akamtazama mkewe, akamtazama Nkirote.

"Mfanyie huyu," alisema. "Kama ni maua, tutaona maua."

Nkirote alisafisha nafasi kati ya mafaili. Akafungua chupa ya kwanza, na mikono ikashika kazi, maana mikono ina akili yake. Alipaka zambarau. Jua kali la mchana lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja juu ya meza, likaikausha rangi kabla hajamaliza mkono wa pili, kwa hiyo hakupata haja ya kutaja habari ya kungoja. Mengine yote aliyataja. Woga ulimfanya aseme ovyo: tone dogo tu, kwangua hivi, usikandamize, bingirisha kutoka pembe. Kiende alikuwa amesimama begani kwake, hapepesi macho. Nkirote alidhani msichana amependa maua, akafurahi.

Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kucha kumi, maua kumi, meupe juu ya zambarau, yamekaa katikati kana kwamba yameota hapo. Askari waliacha mlango wakaja kutazama. Mama Mwenda alinyoosha vidole akavigeuza huku na huku, akamwambia mumewe kwamba mke wa DO mwenyewe, mkuu wa tarafa nzima, hana kitu kama hicho. Ilikuwa saa nane na nusu, na Nkirote angeweza kufika nyumbani, akafagia, akachemsha chai kabla ya saa kumi.

"Umesema ukweli," Kiunga alisema. "Enda nyumbani."

"Asante, chifu. Nachukua mkebe?"

"Mkebe ni ushahidi. Hizi raba ziko na maneno ya ofisi za watu, lazima DO azione. Kuja Jumatatu."

"Chifu, saa kumi kuna mtu anakuja kuona kazi yangu. Bila huo mkebe sina kitu."

"Mama, mimi nimekuachilia. Unataka nini ingine?" Akavuta bakuli la githeri.

Alirudi mbio, akiwa na hasira iliyokosa mahali pa kutokea. Nyumbani askari walikuwa wameacha chupa mbili tu, zile alizokuwa akizitumia kwa mwalimu Kanana: nyekundu, na nyeupe iliyobaki kijiko kimoja, maana nyeupe mpya ilikuwa mkebeni. Raba hakuna. Alizunguka chumba kile kimoja akitafuta, mpaka macho yakaanguka kwenye miguu yake. Alivua patipati ya kushoto, akakata kisigino kwa kisu cha kukatia mboga, akaketi mlangoni penye mwanga kuchonga. Raba ya patipati ina vitundu ndani kama mkate. Petali moja ilimvunjikia, akaanza tena. Ya pili ikavunjika.

Kagwiria alifika saa kumi na robo, amevaa sketi ya kitambaa kizito na viatu vya kufungwa, akakaa kwenye stuli bila kuomba ipanguswe. Alikuwa mwanamke mwungwana, na hilo lazima lisemwe. Alinyoosha mkono wake mwenyewe. Nkirote alipaka nyekundu, akangoja dakika kumi kamili, akamsimulia yaliyotokea tangu asubuhi kwa kuwa hadithi ya bei ya unga ilikuwa imemwisha. Kisha akakwangua nyeupe juu ya kipande cha chupa iliyovunjika, akagusisha, akabingirisha.

Likatoka doa kama tone la uji. Akalifuta, akajaribu kidole cha pili, na hicho kikatoka na doa lake.

"Siyo kazi yangu hii," alisema. "Unajua siyo kazi yangu. Uliiona."

"Niliiona," Kagwiria alikubali. Alikuwa anaifuta mikono kwa pamba, taratibu. "Lakini sasa hii maneno ya chifu, Nkirote. Leseni yangu inapitia kwao kila mwaka. Tutaonana siku ingine."

Siku hiyo nyingine haikuwa kwenye kalenda ya mtu yeyote, na wote wawili walilijua hilo. Nkirote alimsindikiza hadi barabarani akiwa na patipati moja.

Jumatatu alikuwa kwenye ofisi ya naibu wa chifu kabla haijafunguliwa. Karani alimwambia mkebe ulishapelekwa kwa DO. Alitembea hadi kwa DO, akasimama kwenye foleni mpaka saa nne, akaambiwa hapo hakuna mkebe wowote ulioletwa, na kwamba ni nani kamwambia serikali inaweka mikebe ya biskuti. Aliporudi kuelekea sokoni hakuwa na sababu ya kupitia barabara kuu. Aliipitia tu.

Kwenye kiti cha dirishani alikuwa amekaa Kiende. Mbele yake, juu ya taulo jeupe, ulikuwa mkebe wa biskuti wenye kibonyeo pale Kinoti alipoukalia siku moja kwa bahati mbaya. Mteja alikuwa amenyoosha mkono na uso umekunjamana.

Nkirote alifungua mlango akaingia. Kagwiria, aliyekuwa nyuma akichana mtu nywele, alimwona, akateremsha macho.

Ua la ukucha wa mteja lilikuwa limeteleza, limechanganyika na rangi ya chini mpaka likawa waridi. Kiende alikuwa analifuta kwa mara ya pili au ya tatu, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Rangi ya chini haijakauka," Nkirote alisema. Lilimtoka kabla hajaamua kusema chochote. "Hesabu dakika kumi. Hapa hakuna jua kama kwa ofisi."

"Hiyo hukutuambia," Kiende alijibu, na hakuwa na ubaya katika sauti yake, alikuwa kama mwanafunzi aliyerukwa na mwalimu.

Nkirote alimwangalia. Angeweza kulitupa lile taulo chini na kila kilichokuwa juu yake. Alikuwa na nguvu hizo, na mikono ilikuwa tayari. Badala yake aliinama.

"Geuza hiyo raba," alisema.

Kiende akaigeuza. MWEKA HAZINA, kinyume, na ile Z.

"Hiyo ndiyo ilinipeleka kwa shemeji yako, nikakaa kwa benchi kama mwizi. Wewe chunga usishikwe nayo."

Dryer ya nywele iliyokuwa ikinguruma ilizimwa. Wanawake wote wa saluni walikuwa wanatazama raba. Nkirote aliwasubiri, akitaka hata mmoja aulize neno, hata mmoja aseme kumbe. Kagwiria alikuja akamshika kiwiko, kwa upole uleule.

"Nkirote, tafadhali. Kuna wateja."

Nje, alisimama upande wa pili wa barabara karibu na muuza magazeti. Alimwona Kiende ameigeuza raba upande wa ua, amepaka ukucha upya, amemwambia mteja aweke mkono juu ya taulo na asiuguse. Kisha msichana akatazama saa ya ukutani. Nkirote alihesabu naye. Dakika ya kumi ilipotimia, Kiende alikwangua, akagusisha, akabingirisha kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, na mteja akauinua mkono wake kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Hata kutoka pale barabarani ua lilionekana, jeupe na safi, na petali zake zote tano.

Alifika Gakoromone amechelewa. Wenzake walikuwa wameshagawana magunia ya maharagwe mazuri, likabaki lile la mwisho lenye mawe mengi. Alikaa chini, akalifungua, akaanza kuchagua.