Nyumba Isiyokuwamo Kwenye Mkataba

Asubuhi ya Jumanne, siku ya tatu ya mvua kubwa ya masika, mwaka wa themanini na sita, Bi Khamisa aliteremsha miguu kitandani na maji yakamfika magotini. Alikunja leso yake kiunoni, akaiokota kofia aliyokuwa akiishona ikielea karibu na mlango wa jikoni, akaitundika kwenye boriti ikauke. Kisha akaenda kufungua mlango wa mbele ili maji yapate njia.

Maji hayakutoka. Mlango ulipofunguka yalisimama wima kizingitini, kama kioo cha kabati. Nje mvua ilikuwa ikinyesha vilevile, lakini kila tone lililogusa ardhi lilikimbilia mtaroni papo hapo, na uwanja ukabaki mkavu. Kuku walikuwa wakifukua vumbi.

Bi Khamisa alijaza ndoo, akaimwaga uani. Maji yakajikusanya, yakampita miguuni, yakapanda kizingiti na kurudi ndani kama mbuzi waliozoea zizi lao. Alifanya hivyo mara saba. Mara ya nane aliiweka ndoo chini.

Jirani yake Kanze alipita na kapu la mihogo kichwani.

"Yako nayo imejaa, Bi Khamisa?"

"Imejaa."

"Yetu imefika mezani. Mzee wangu amelala juu ya kabati."

"Amepataje usingizi?"

"Huyo? Hata kaburini atakoroma."

Nyumba zote kumi na moja za kiwanja kile zilikuwa hivyo. Ardhi ilikuwa ya Sheikh Aboud, ambaye alikaa Mombasa na hakuonekana Malindi ila kwa mazishi ya watu wakubwa. Nyumba zilikuwa za wenyewe. Pwani hilo halimshangazi mtu: kuta zako, paa lako, mlango wako uliochongwa na babu yako, na chini yake mchanga wa mtu mwingine. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuandikwa popote. Nyumba ikianguka, mwenye ardhi anaweza kukataa isijengwe tena. Ndiyo maana kila mwezi wa Shaaban Bi Khamisa alikanda udongo na kuzikandika kuta zake kwa mikono yake, hata mwaka ule alipovunjika kidole. Alizaliwa ndani ya kuta zile, baada ya mamake kuhamia kutoka Lamu, na hakuwa na pahali pengine pa kuita pake.

Alasiri alikwenda kwa Gitau, mkandarasi wa mitaro, mtu wa bara aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya soko. Gitau ndiye aliyeuchimba mtaro ule mwezi wa pili. Alimpa kiti, akamwambia karani wake Jedida asome mkataba.

"Kifungu cha nne," Jedida alisoma. "Mkandarasi ataondoa maji yote juu ya ardhi ya Mwenye Ardhi, na maji hayo hayatakaa wala kupita tena juu ya ardhi hiyo."

"Na nyumba?"

Jedida aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Nyumba haimo."

"Mama, sikiza," alisema Gitau. "Mimi nachimba na jembe, lakini maji inafuata karatasi. Mtaro ni wa kuionyesha njia tu. Huko Kikambala hoteli iliandikwa yote, mpaka ngazi, na maji haikugusa hata zulia. Hapa iliandikwa ardhi. Haiwezi kukanyaga ardhi, sasa imekaa kwa nyumba. Itaenda wapi?"

"Basi ongeza neno moja, mwanangu. Nyumba."

Gitau alichukua kalamu, akaifungua, akaifunga. Aliugeuza mkataba amwonyeshe chini. Palikuwa na sahihi ya Sheikh Aboud na muhuri, na kando yake, kwa hati nzuri ya Kiarabu, jina la shahidi: Khamisa binti Omari.

Bi Khamisa aliikumbuka siku ile. Msimamizi wa Sheikh, Mbaruk, alimjia na karatasi iliyopigwa chapa kwa herufi za Kizungu, ambazo Bi Khamisa hakuzijua, akamwambia mtaa mzima hapana mwenye hati kama yake. Aliona fahari. Alitia sahihi polepole, asikose hata nukta, kisha akampikia kahawa.

"Mbaruk akikubali, mimi nitaandika," Gitau alisema. "Hata leo."

Mbaruk alikuwa dukani kwake, na watu wawili watatu wamekaa barazani wakikwepa mvua.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba. Nimekuja kuomba neno moja liongezwe."

Mbaruk alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza wakubwa wake. "Neno ni dogo," alisema. "Lakini likiingia kwenye karatasi, Sheikh atakuwa amekubali kwamba pale pana nyumba. Leo mtaandika nyumba, kesho mtaandika uwanja, keshokutwa mtakuwa na hati na Sheikh atakuwa mgeni wenu."

"Kwani hapana nyumba?"

"Ipo. Haijaandikwa."

Bi Khamisa alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Haya. Mwambie Sheikh wako ardhi yake imepata mkataba na sisi tumepata maji. Na wewe, Mbaruk, mamako alikuzaa kiwanjani mwetu, nyumba ya tatu, chumba cha kushoto. Mimi ndiye niliyekata kitovu chako. Maji yamejaa chumba kile sasa hivi. Nenda ukaogee, huenda ukatakata."

Watu wa barazani walicheka. Mmoja alilazimika kushika nguzo. Mbaruk hakucheka, na alikariri nani na nani walikuwapo.

Kuta zilivumilia siku kumi na moja. Ijumaa, baada ya swala, nyumba ya Bi Khamisa ilianguka taratibu bila kishindo, udongo ukayeyuka kama mtu anayevua kanzu. Maji hayakuanguka. Yalibaki yamesimama palepale, na sebule, na vyumba viwili, na jiko, na vishubaka vya taa ukutani, yote kwa maji. Kitanda kilikuwa kikielea chumbani kimo cha kifua. Makuti yalikaa juu kama zamani.

Majirani walikuja kutoa pole. Walitandika mikeka juu ya ardhi kavu, wakanywa kahawa. Kanze aliuliza kama bado inafaa kupiga hodi.

"Piga," alisema Bi Khamisa. "Bado ni nyumba ya watu."

Kanze alibisha kwa kidole, na mawimbi madogo yakapita kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma.

Jumatatu alikuja Mbaruk na karatasi. Bi Khamisa alikuwa akifunga vyombo alivyokwisha kuvivuta kutoka majini. Mpwa wake wa Gede alikwisha kuleta mkokoteni. Mbaruk alieleza kwamba Mtaliano mmoja anayetaka kununua amekiona kiwanja na amekipenda, kikavu namna ile. Ameomba tu maji yabaki yalivyo, maana atatia samaki wa rangi. Lakini Sheikh ana huruma. Bi Khamisa anaweza kusimamisha kibanda kule nyuma, karibu na choo, hadi mwisho wa mwaka. Kuna barua ndogo ya kutia sahihi.

"Isome."

Mbaruk alisoma. Mimi Khamisa binti Omari naomba radhi kwa kumtukana msimamizi mbele ya watu, na nakiri kwamba nyumba iliyokuwapo imeanguka kwa uzembe wangu.

"Rudia hapo pa nyumba."

"Nyumba iliyokuwapo, imeanguka."

"Kumbe yaandikika," alisema Bi Khamisa.

Alifunga fundo la mwisho, akaliweka juu ya mkokoteni. Mbaruk alimnyooshea kalamu. Alipoona haipokelewi aliirudisha mfukoni, akatazama kulia na kushoto, akasogea karibu.

"Basi sema kwa mdomo tu, Bi Khamisa. Sitaandika. Nitamwambia Sheikh umesema, nawe utapata kibanda chako."

"Siombi radhi," alisema Bi Khamisa.